Besi inanguruma lakini haisikiki: tununue amplifaya kubwa?

Swali: "Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye bendi ya watu saba. Mazoezi tunafanyia stoo moja Nyakato, kama mita nne kwa tano, bati juu bila dari. Jumamosi tunapiga sehemu ya wazi ufukweni, upande wa Igombe. Besi yangu ni ya nyuzi nne, ina pikapu mbili (vile vinasa sauti chini ya nyuzi), haitumii betri. Nikiwa peke yangu ni tamu mno, inanguruma mpaka madirisha yanatikisika. Bendi ikianza naipoteza. Watu wanasema wanasikia mvumo tu, nota hawazipati. Nikiongeza besi na voliumu, spika inakoroma. Amplifaya ni ya wati 60, spika ya inchi 12. Ufukweni naingia moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na huko kuna mlio wa 'mmmm' usioisha. Wenzangu wanataka tuchange tununue ya wati 300. Tununue?"

Marahaba, mdogo wangu. Msichange bado. Huenda amplifaya kubwa mtaihitaji siku moja, lakini mkiinunua leo mtapata mvumo uleule, safari hii mkubwa zaidi.

Ile sauti unayoifurahia ukiwa peke yako ndiyo inayokupoteza kwenye bendi. Uzi wako wa E ukiwa wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Spika ya inchi 12 kwenye boksi dogo haiwezi kuitoa hezi 41 kwa nguvu ya maana, na kusema kweli haina haja. Kila nota ya besi inakuja na ndugu zake wa juu: hiyo E ina 82, ina 123, ina 164, inaendelea hivyo mpaka kupita 1,000. Sikio linaitambua nota kwa kuwasikia hao ndugu, na ile ya chini kabisa ubongo unajijazia wenyewe. Ukipandisha nobu ya besi na kushusha ya kati (sauti za katikati), umewanyamazisha ndugu wote ukabaki na mtikisiko. Chumbani hakuna wa kukushindania, kwa hiyo mtikisiko unatosha. Bendi ikiingia, kiki (ngoma kubwa ya mguu) na mkono wa kushoto wa kinanda vinakaa palepale chini, na juu huna kitu cha kukutambulisha.

Sasa angalia hesabu ya wati, maana ndiyo inayotaka kuwala hela. Kutoka wati 60 kwenda 300 ni nyongeza ya desibeli 7 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio liseme "hii ni kubwa mara mbili" zinahitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Upande wa pili, ukipandisha nobu ya besi kwa desibeli 12, nota za chini zinadai nguvu mara 16. Tuseme unapiga kwa wati 5, kiwango cha kawaida kabisa kwa mazoezi. Nobu hiyo imepeleka nota za chini kwenye wati 80, na amplifaya yako mwisho wake ni 60. Huko ndiko kukoroma kunakotoka. Na usiendelee kupiga spika ikikoroma: karatasi inatembea kupita kiasi na koili inachemka, mwisho unasikia inakwaruza hata kwa sauti ndogo.

Fanya hivi kwenye mazoezi yajayo. Weka nobu zote za ekwalaiza saa sita, yaani alama ikiangalia juu wima kama mshale wa saa ya ukutani. Besi ishushe iwe saa tano. Kati ipandishe mpaka saa nane. Juu iache saa sita. Kama amplifaya ina nobu ya kuchagua kati ipi, ilenge kwenye hezi 700 hadi 800. Ukiwa huna, usijali. Ukipiga peke yako hapo utachukia. Sauti itakuwa kama inatokea puani. Vumilia, waambie wenzako waanze wimbo, ndipo uamue.

Kipimo cha bure ni simu. Iweke upande wa pili wa stoo, rekodi wimbo mmoja, kisha sikiliza kwa spika ya simu yenyewe bila kuvaa kitu masikioni. Spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya hezi 200, kwa hiyo besi itakayosikika hapo ni ile ya kati tupu. Kama unaweza kufuata nota zako moja moja, umefika. Kama besi imepotea kabisa kana kwamba hukuja mazoezini siku hiyo, ongeza kati tena, na usiguse besi.

Kwenye gitaa lenyewe kuna jambo ambalo wapigaji wengi hawalijui. Kama pikapu zako ni mbili nyembamba za koili moja moja, kama zile za Jazz Bass ya Fender iliyotoka mwaka 1960, zote mbili zikifunguliwa mwisho zinalana sehemu ya sauti ya kati. Punguza ya upande wa shingo kidogo tu, robo ya mzunguko au chini ya hapo, utasikia kati inarudi na nota inapata kingo. Ubaya wake ni kwamba pikapu hizo zikilingana ndipo zinapofutana mlio wa umeme, hivyo ukipunguza moja mlio kidogo unarudi. Ni biashara ya kuchagua. Mimi ningechukua nota, mlio tutautafutia dawa yake huko mbele.

Stoo yenu nayo ina makosa yake. Mawimbi ya besi ni marefu: ile E ya hezi 41 ina urefu wa zaidi ya mita nane. Kuta mbili zilizoachana mita nne zinaipenda hezi 43, nayo ndiyo F, freti ya kwanza ya uzi wa E (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Za mita tano zinapenda kama 34 na 69, na hiyo 69 ni C#, freti ya nne ya uzi wa A. Ndiyo maana nota fulani zinaruka kama zimepigwa teke na jirani zake zinazama. Panda freti moja moja kutoka E wazi mpaka oktavu yake (E ya juu, freti ya 12), kwa nguvu ileile ya kidole, uzihesabu zinazoruka. Ukizijua hutazunguka nobu kutafuta kosa ambalo ni la ukuta. Kisha ondoa amplifaya kwenye kona, maana kona huamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja. Isogeze mita moja mbele, ipandishe juu ya kreti la soda, iinamishe kidogo spika iangalie masikio yako, isiangalie magoti. Wapiga besi wengi huongeza voliumu kwa sababu spika inazungumza na suruali zao.

Na bati? Nusu ya "mvumo" unaolalamikiwa huenda si besi. Mwenzako apige F ndefu, wewe pita na mkono ukigusa bati, vioo vya madirisha, wavu wa snea (ngoma ndogo ya dramu), hata mfuniko wa ndoo. Kile kinachonyamaza ukikigusa ndicho mwizi. Bati hukazwa kwa msumari wake wenye mpira, kioo kinachocheza huwekewa kipande cha karatasi ngumu.

Kwa wenzako, anza na mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ukipiga nota za msingi chini, mko wawili kwenye kiti kimoja, na yeye ana umeme mwingi kuliko wewe. Mwombe kwa heshima apandishe mkono huo oktavu moja, au auache kabisa wakati wa sebene (sehemu ya kuchezesha). Kiki kama inavuma muda mrefu, iwekewe mto ndani, uguse ngozi ya mbele na ya nyuma. Ikikatika haraka, wewe unapata nafasi baada yake. Wapiga gitaa la rithimu na la solo wapunguze besi kwenye amplifaya zao; hawatakosa kitu, maana uzi wao mnene unaanzia hezi 82.

Sasa mikono, na hapa ningependa utulie, kwa sababu mvumo usioisha mara nyingi ni nota ambazo hazikukatwa. Fanya jaribio moja. Piga uzi wa A kwenye freti ya 7, kwa nguvu, kisha ikate kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye uzi. Sikiliza. Kama bado kuna kitu kinavuma chini kwa chini, hicho ni uzi wa E unaotikisika wenyewe, maana nota uliyopiga ni oktavu yake kamili na inauamsha hata hukuugusa. Nota kumi za namna hiyo kwenye wimbo mmoja, ongeza na ukumbi unaorudisha sauti, una ugali wa sauti.

Dawa yake ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Ukipiga uzi wa E, gumba likae juu ya pikapu. Ukihamia A, gumba lishuke likae juu ya E. Ukihamia D au G, gumba lilale likigusa E na A kwa pamoja. Kidole kinachokwaruza kimalizie safari yake juu ya uzi unaofuata upande wa gumba, kisiishie hewani. Hapo kinapiga na kunyamazisha kwa tendo moja. Upande wa kushoto, vidole usivyotumia vilale juu ya nyuzi kama mtu anayepapasa kitambaa, visisimame wima.

Halafu urefu wa nota. Weka metronomu ya simu kwenye mipigo 80 kwa dakika. Piga D, uzi wa A freti ya 5, kila mpigo, lakini iishe katikati ya mpigo. Nusu sauti, nusu kimya, na kimya kiwe kimya kweli. Dakika tano kwa siku, kisha panda mpaka 100, mpaka 120. Kwenye rumba wachezaji wanaingia pale penye pengo, na kwenye sebene besi inayokatakata ndiyo inayonyanyua watu kwenye viti. Besi iliyoburuzwa kutoka nota hadi nota huifanya bendi nzima ionekane inachelewa, hata kama mpiga dramu yuko sawasawa.

Mahali unapopiga nako ni ekwalaiza ya bure. Karibu na shingo sauti ni nene na laini, karibu na daraja (pale nyuzi zinapoishia mwilini) ni kavu na ya kati. Kwa kelele za watu saba, piga juu ya pikapu ya nyuma au sentimita chache mbele yake.

Nyuzi zako hukusema zina umri gani. Kama zimepita mwaka na zina rangi ya sarafu ya zamani, jasho na uchafu vimejaa kwenye vijisokoto, zimekufa juu na zimebaki za chini tu. Seti ya kawaida ya nyuzi nne ni 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi). Ukikosa hela, zichemshe: zitoe bila kuzikata, zikunje duara, ziingize kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika kumi, maji matupu bila chumvi wala sabuni ya unga. Maji yatabadilika rangi mpaka utaona aibu. Zifute na kitambaa kikavu, zianike juani saa nzima, kisha zirudishe zikijikunja palepale zilipojikunja mwanzo kwenye kigingi. Usipozikausha zitashika kutu ndani kwa ndani. Ung'avu utakaa wiki chache. Mara ya kwanza inafaa, ya pili inavumilika, ya tatu nunua mpya. Na ukinunua mpya, usikate uzi kabla ya kuupinda digrii tisini pale unapotaka kukata, la sivyo kijisokoto kinafunguka na uzi unakufa siku ya kwanza.

Shingo iangalie msimu unapobadilika, kwani mbao hunywa unyevu wa mvua na kutoa wakati wa kiangazi. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Milimita 0.3 hadi 0.4 inatosha. Kadi ya ATM ina unene wa milimita 0.76, ikipita hapo bila kugusa, shingo imepinda sana. Kaza chuma kilicho ndani ya shingo kwa ufunguo unaokitosha, kuelekea mshale wa saa, robo ya mzunguko tu, tyuni upya, pima tena. Kikikataa kuzunguka usikilazimishe, peleka kwa fundi wa magitaa.

Tuje kwenye 'mmmm', na hapa soma taratibu, maana pana umeme. Kwanza ujue ni nini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hezi 49. Piga G hiyo ukilinganisha na mlio. Kama mlio uko palepale, juu kidogo, au oktavu moja juu yake, unatoka kwenye umeme. Kama ni mkwaruzo mkali wa juu, chunguza taa za kubadilika rangi na adapta za simu zilizochomekwa kwenye ekstensheni yenu.

Gusa nyuzi. Mlio ukipungua ukigusa, gitaa halina kinga ya kutosha ndani lakini waya wake wa ethi ni mzima. Mlio ukiongezeka ukigusa, waya wa kutoka kwenye daraja umekatika au umeungwa kinyume. Ni kazi ya kulehemu ya dakika chache. Ukihisi kutekenywa vidoleni, au midomo ikipigwa ukikaribia maiki, acha kupiga hapohapo. Gusisha testa kwenye uzi. Ikiwaka, gitaa lisiguswe mpaka fundi umeme aangalie soketi. Ufukweni mnakanyaga mchanga mbichi, na mtu aliyelowa miguu hana kinga.

Kuna watu watakushauri uvunje mguu wa tatu wa plagi ili mlio uishe. Kweli utaisha. Siku amplifaya ikipata hitilafu, huo umeme utapita kwako kwenda kwenye maiki. Usifanye, na ukikuta umeshafanywa kwenye kifaa cha bendi, badilisha plagi kabla ya wimbo wa kwanza. Njia sahihi ni vifaa vyote vya jukwaani na mikisa kuchukua umeme kwenye soketi moja yenye ethi, ili kusiwe na njia mbili za ethi zinazofanya duara.

Na usiingie moja kwa moja kwenye mikisa. Besi isiyo na betri inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama ohmu milioni moja. Tundu la kawaida la mikisa ni kama ohmu elfu kumi au ishirini, kwa hiyo linainyonya. Za juu zinakufa, unabaki na blanketi. Baadhi ya mikisa zina kibonyezo cha gitaa kwenye chaneli moja au mbili, zimeandikwa Hi-Z, na hapo ndipo pako. Ikiwa hakuna, nunua kiboksi cha DI chenye umeme wake, kinachotumia betri ya volti 9 au ile +48V ya mikisa. Waya mfupi kutoka kwenye besi kwenda kwenye kiboksi, halafu waya wa maiki kwenda kwenye mikisa hata kama ni mita thelathini. Kina swichi imeandikwa "lift": hiyo inatenganisha ethi ya waya wa sauti tu, haigusi plagi, na mara nyingi mlio unakatika hapohapo. Kamwe usichukue tundu la spika la amplifaya ukalipeleka kwenye mikisa, utaichoma.

Mwambie fundi mitambo apandishe geini (nguvu ya sauti inayoingia) wewe ukipiga kwa nguvu zako zote, taa nyekundu ikigusa tu ashushe kidogo. Chini aache sifuri. Kwenye hezi 250 apunguze desibeli 3, kwenye hezi 800 aongeze 3 au 4. Kama mna spika mbili za inchi 15 bila sabu (spika ya sauti za chini tu), hata kile kibonyezo cha kukata chini ya hezi 80 abonyeze. Wapo watakaopinga, lakini spika hizo hazitoi kitu cha maana huko chini, zinajichosha bure na kulegeza sauti ya waimbaji.

Ufukweni hakuna kuta za kukusaidia, kwa hiyo amplifaya yako iondoe juu ya kreti, iwe chini kabisa na mgongo wake ukaribie ukuta kama upo, na nobu ya besi irudishe saa sita. Yale ya Nyakato usiyabebe kama yalivyo.

Kuhusu hela za mchango, anza na nyuzi mpya, kisha kiboksi cha DI, kisha waya mzuri wa mita tatu hadi sita. Baada ya miezi miwili ya hayo, ikiwa bado mnazidiwa na dramu, angalia nyuma ya amplifaya yako imeandikwa ukinzani gani. Ikiwa ina spika ya ohmu 8 na inaruhusu mpaka ohmu 4, ongeza boksi la pili la ohmu 8 kwa waya wa spika, si waya wa gitaa. Eneo la spika likiongezeka utashangaa, na ni rahisi kuliko amplifaya mpya.

Mkifikia kweli kununua ya wati 300, na mkakuta ya mtumba imetoka Japani, geuza nyuma usome volti kabla ya kuuliza bei. Za huko ni volti 100, zetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma inaungua kabla hujapiga nota. Transfoma iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zinazotumika zilizoandikwa mgongoni, na gharama yake iingizeni kwenye hesabu ya mchango tangu mwanzo.